Jibu: Shaba haishiki kwenye plastiki

Yambo ndugu. Umesema unafunika ua la plastiki kwa shaba kwa kutumia umeme, baada ya kulipaka rangi ya grafiti (unga mweusi unaopitisha umeme), lakini shaba inashika karibu na waya tu, na sehemu kubwa ya ua inabaki nyeusi. Usibadilishe kwanza maji ya sulfati ya shaba unamozamisha ua. Chukua multimeta, kile kifaa cha kupima umeme, pima kama umeme unapita kwenye ile rangi ya grafiti toka kwenye waya mpaka ncha ya mbali. Hapa Lubumbashi kazi nyingi nilizoona zikikwama, shida ilikuwa vanishi inayochanganywa na grafiti kutengeneza rangi hiyo: ikizidi, inafunika chembe za grafiti na umeme haupiti. Ongeza unga wa grafiti, paka nyembamba mara mbili, iache ikauke kabisa, kisha sugua kwa brashi laini mpaka ing'ae. Kung'aa huko ndiyo dalili ninayoiamini. Anza na umeme mdogo. Ukiharakisha, shaba inatoka kama unga mwekundu na kubanduka. Njia hii sijaijaribu kwenye vitu vya kioo.