Intavyu imepita, mbona kimya?

Mdogo wangu, salamu kwenu nyote Kisauni. Umeniuliza jambo ambalo wengi huko wanalihangaikia. Ulifanya intavyu ya unasi kwa video na hospitali ya NHS, huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza, wiki ya tatu hii hujasikia kitu. Mama anakwambia ukiulizia utajishushia hadhi. Na kuna ajenti hapo Mwembe Tayari anataka pesa "asukume faili."

Ulizia, tena leo. Na uulizie mwenyewe.

Maneno ya mama nayaelewa, ndivyo tulivyolelewa: mtu akiomba kitu asifuatefuate. Lakini huku kuulizia hakumkeri mtu. Waliokuhoji ni watu wa wodini; wamekupa alama kwa kila swali, kisha wakarudi kwa wagonjwa wao. Karatasi zimebaki kwa watu wa uajiri, na hapo ndipo mambo hukwama. Pengine kuna sahihi inangojewa, pengine aliyeshika namba moja hajajibu.

Andika mistari mitatu: jina lako, nambari ya tangazo la kazi na tarehe ya intavyu, kwamba kazi bado unaitaka, na uamuzi utatoka lini. Shida za nyumbani usizitaje. Mtumie yule aliyekuandikia kukualika. Wiki ikipita, piga simu. Saa nne asubuhi ya huku ni saa saba mchana kwenu wakati wa baridi, na saa sita wakati wa joto.

Wakikukataa, waombe wakueleze alama zilipotea wapi. Rafiki yangu aliyekuwa pamoja nasi huko Makadara aliomba, meneja wa wodi akampigia simu. Swali lilikuwa la mgonjwa aliyeshuka presha ghafla. Matibabu aliyaeleza vizuri sana, ila hakusema angemwita nani wala angeandika wapi alichokifanya. Huku hayo mawili yana alama zake. Intavyu iliyofuata alipita.

Huyo ajenti mwache. Kazi uliiomba mwenyewe, faili lako analipata wapi? Sheria ya Uingereza tangu 1973 inakataza wakala kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi. Akianza kukuuzia viza ya kutunza wazee, ondoka hapo hapo: njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza tarehe 22 Julai 2025.

Na hili nakuomba sana: hata barua ya kukubaliwa ikija, kazi ya huko usiiache. Barua ya kwanza huwa ya masharti. Bado watawaandikia watu uliowataja wakushuhudie, wataangalia afya yako na usajili wako wa unasi, ndipo watoe hati ya udhamini ya kuombea viza. Nimeona watu wameaga kazini mapema, wakakaa miezi nyumbani wakikopa nauli ya matatu. Inaniuma.

Cheti cha tabia njema kianze sasa, nenda Huduma Centre upigwe alama za vidole. Na hiyo imeli niletee niisome kabla hujaituma. Nikitoka shifti ya usiku nitakujibu.