"Katika utupu" maana yake uchi?

SWALI: Naandika maelezo mafupi ya picha za Sungi Mlengeya, mchoraji wa Tanzania. Nilianza hivi: "Mwili wa mwanamke mweusi katika utupu." Rafiki yangu mmoja akauliza nani amefariki. Mwingine akashangaa kwa nini nasifia picha za uchi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kisarufi hujakosea popote. Tatizo ni mazoea ya maneno uliyoyachagua, na wasomaji wako wameyasikia hayo kabla ya kuiona picha.

Nianze na "utupu", maana ndilo lililokuponza zaidi. Mzizi wake, -tupu, ni kutokuwa na kitu: debe tupu, mikono mitupu, wali mtupu usio na mchuzi. Likimgusa mtu, maana inahama. Utupu wake ni uchi wake, na waliosoma madrasa wanajua kwamba "tupu" ya mbele na ya nyuma ni sehemu za siri zenyewe. Biblia ya Kiswahili inalitumia kwa njia zote mbili: mwanzoni kabisa nchi ni "ukiwa, tena utupu", na katika Mambo ya Walawi watu wanakatazwa kufunua utupu wa jamaa zao. Magazeti nayo yamelivutia upande mmoja kwa "picha za utupu". Basi ukiandika "mwanamke katika utupu", msomaji amekwisha kumvua nguo.

Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu wanawake wa Mlengeya wamevaa. Mchoraji huyu, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeacha kazi ya benki mwaka 2018 ili achore, hutumia rangi za akriliki: ngozi nyeusi na kahawia iliyokoza, na nyuma yake nyeupe tu, pasipo ukuta wala samani. Nguo nazo mara nyingi ni nyeupe vilevile, zikayeyukia humo. Tazama shingoni: unajua ukingo wa gauni ulipo kwa sababu ngozi imekatikia pale. Mkono unatokeza mahali ambapo jicho halikuona bega. Nguo ipo, ila anayeichora ni ngozi.

Kwa hiyo andika "weupe mtupu". -tupu ile ile, lakini sasa kwa maana ya kitu kisichochanganyika na kingine, kama tunavyosema uongo mtupu. Imeshikamana na weupe, mwanamke imemwacha na nguo zake.

"Mwili" nao una msiba wake. Kwenye habari zetu mwili hukutwa kando ya barabara, huhifadhiwa mochwari, huagwa. Rafiki yako hakukutania. Wengine hukimbilia "umbo", ila hilo nalo limeshazoea kufuatwa na "namba nane". Mimi ningekitaja kinachoonekana: ngozi, shingo, viganja. Kiswahili kinapenda kuonyesha kiungo chenyewe, na picha hizi zinafanya hivyo hivyo.

Kuhusu "mweusi", liache lilivyo. Nyumbani neno hili husema rangi ya ngozi kuliko asili ya mtu. Ndugu wa tumbo moja, huyu mweusi, yule mweupe, wa tatu maji ya kunde. Msomaji wako atafikiria ngozi kwanza, na kwa mchoraji huyu ndivyo inavyofaa. Usililainishe kwa "rangi ya chokoleti". Anayechora weusi uliokoza kiasi hicho anataka utajwe kwa jina lake.

Sentensi yako basi naipendekeza hivi: "Sungi Mlengeya huwaweka wanawake weusi kwenye weupe mtupu, hata nguo zao tunazijua pale tu ngozi inapokoma."