Hesabuni na walioanza form one

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: shule ya kata yenye wanafunzi wachache, darasa halijai, mwalimu anawajua wote kwa majina, mbona matokeo yanasuasua, tatizo ni walimu au watoto? Mimi nafundisha shule ya aina hiyo wilayani Newala, juu huku uwanda wa Makonde, Jiografia ndo somo langu na nikibanwa nashika na Historia, kwa hiyo naona swali limenigonga kabisa mlangoni.

Kwanza huo uchache. Mwaka jana form four walikaa mtihani 31, na ndugu yangu anayefundisha Dar aliniambia we unakula raha. Raha gani? Hao 31 walipoanza form one walikuwa 58. Darasa halijawa dogo kwa sababu serikali imetuonea huruma, limekuwa dogo kwa sababu watoto wamepukutika. Na wanavyopukutika hawafanani: msichana akipata mimba kila mtu anajua, kikao kinaitwa, mtendaji anakuja, ni kesi. Mvulana yeye anakosa Jumatatu, anakosa Jumanne, unaandika utoro kwenye rejista mpaka wino unakwisha, halafu siku moja unamkuta stendi na bodaboda ya watu, "madam shikamoo, twende nikupeleke", na ndo imeisha hiyo hakuna kikao wala nini. Wasichana tangu ule waraka wa Novemba 2021 angalau wanaruhusiwa kurudi wakijifungua, mmoja amerudi kwetu, mtoto anamwachia bibi yake. Huyo bibi ndo huyo huyo aliyemlea yeye, mama yuko Dar huko anafanya kazi za ndani.

Sasa mkeka wa NECTA, yaani orodha ya matokeo ya Baraza la Mitihani, ukitoka unaonyesha divisheni ngapi kwa wasichana ngapi kwa wavulana na alama za kila mtahiniwa, basi. Hauonyeshi nani analelewa na bibi, nani anatembea saa moja na nusu kuja na saa moja na nusu kurudi, nani amepanga geto na wenzake wanne na anajipikia. Mimi nikiukamata ule mkeka naweza kukusomea hata yale ambayo haujaandika. Hizo div one na two mbili tatu ni mtoto wa nesi wa zahanati, mtoto wa mwalimu mwenzetu, na mara moja moja wa mwenye duka. Sio kwamba wengine vilaza, hapana, vipanga ninao wengi tu, ila hawa nyumbani kuna taa na kuna mtu wa kumuuliza neno la Kiingereza.

Kiingereza ndo kisanga chenyewe. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anakuja kwangu kila kitu kimegeuka. Nimewahi kuuliza form two "what is weathering", kijana kasimama kwa kujiamini kabisa kajibu "hali ya hewa madam". Darasa zima likacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia haya niambie kwa Kiswahili, jiwe linavunjikaje shambani kwenu? Akaeleza vizuri kuliko kitabu, jiwe likichomwa na moto wa kuandaa shamba halafu mvua ya kwanza ikilipiga linapasuka, linameguka maganda maganda. Hiyo ndo weathering yenyewe. Ila kwenye mtihani haandiki hayo, anaandika weather.

Walimu nao tunatajwa sana. Walimu wanapangwa kwa ikama, yaani idadi ya watumishi shule inayostahili, ukiwa na watoto wachache unapewa walimu wachache, haijalishi kwamba masomo ni yale yale. Fizikia hatuna mtu. Hisabati, ambayo nchi nzima ndo inaongoza kwa kufelisha, tulikuwa na kijana wa kujitolea, wazazi wanachanga, akapata ajira akaenda zake na simlaumu. Na hela ni hivyo hivyo, tangu Januari 2016 elimu bila ada serikali inafidia ile ada ya shilingi 20,000 ya shule ya kutwa kwa kuhesabu vichwa, vichwa vichache hela chache, ila mlinzi na chaki havipungui.

Halafu Novemba. Mtihani wa form four ni Novemba, na huku kusini Novemba ni korosho. Familia inahamia shamba, mtoto anabaki na ufunguo na unga, au anakwenda nao. Mwaka juzi nilimfuata kijana wa form four shambani kwao, nikamkuta chini ya mkorosho anatenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, mikono imejaa utomvu mweusi. Nikamwambia mtihani wiki mbili, akasema najua madam ila mzee alishachukua hela ya kangomba, korosho kaziuza kabla hazijavunwa, toka mwezi wa sita, tusipookota tutaumbuka. Mzee mwenyewe alikuwa pale pale, akaniamkia kwa heshima zote, akaniletea na kigoda. Utamgombeza nani hapo? Yule kijana alikuja kwenye mtihani, akapata div four ya 28.

Na hiyo four inahesabika amefaulu. Wengi hamjui hii: wanachukua masomo saba bora wanajumlisha pointi, A ni 1 mpaka F ni 5, pointi nyingi ndo vibaya; ukipata D mbili tu na kwingine kote F, au C moja peke yake, unakuwa na 33, hiyo div four tayari. Ndo maana mwaka mmoja tulitangaziwa kata nzima kwamba tumefuta ziro, yaani hakuna aliyefeli, tukapigiwa makofi, na wa kwenda form five walikuwa wawili. Mwaka uliofuata ziro tatu, tukaitwa kujieleza ufaulu umeshuka karibu asilimia kumi. Watoto watatu! Kwenye 31 kila mtoto ni asilimia tatu na kitu, mmoja akiugua malaria siku ya pepa ya Civics wilaya inaona grafu inaanguka.

Kwa hiyo jibu langu, tatizo walimu au watoto: nileteeni rejista ya form one ya mwaka ule niiweke pembeni ya mkeka, tuanze na yale majina 27 ambayo hayapo.