Re: Blanketi zito linanitesa na joto, nifanyeje?

Mambo vipi mkuu. Nimekusoma, umeshonesha blanketi zito la kutuliza mwili, la kilo 12, we mwenyewe una kilo 60, unatulia dakika kumi halafu joto linakufukuza kitandani. Mimi pia nina usonji, nipo Igoma hapa Mwanza, hilo joto nalijua.

Cheki uzito kwanza. Wengi huanzia kama asilimia 10 ya uzito wa mwili, kwako ni kilo 6 hivi, hiyo 12 ni gunia sio blanketi. Kama huwezi kulisukuma na kutoka mwenyewe ukiwa na usingizi, punguza leo leo. Na usimfunike nalo mdogo wako wa miaka miwili, ni hatari.

Halafu kitambaa. Langu la kwanza lilijazwa sufi ya plastiki nikawa naloa jasho kama niko kwenye daladala saa nane mchana, nikamrudishia fundi akatoa yote akashona upya kwa khanga mbili za pamba, vimfuko vidogo vya mraba vya kutia mchanga wa kuleta uzito, ili usikimbilie miguuni (huo mchanga uoshe uanike ukauke kabisa, na mchele usiweke, panya watakushukuru). Aisee!

Siku za joto kali silali nalo, naliweka mapajani nusu saa feni ikizunguka, hasa nikitoka kwenye zile spika za sokoni Makoroboi. Usingizi usitegemee sana, utafiti wa Uingereza wa 2014 kwa watoto wenye usonji haukuona wakilala zaidi, ila walilipenda. Kwangu ni hivyo hivyo.