Ptrace inarudisha -1 kila mara: mwongozo wako ni wa enzi za biti 32

Mkuu, pole. Umesema umefuata mwongozo wa zamani wa ptrace kwenye Linux (njia ya programu moja kufuatilia nyingine), ukabadilisha jina moja ili kompaila ikubali, na sasa kila mwito wa mfumo (system call, yaani ombi la programu kwa kerneli) unakupa -1. Mimi hapo nilimaliza siku tatu.

Tazama mstari wako wa PTRACE_PEEKUSER, ule unaosoma rejista za programu unayoifuatilia. Mwongozo ule uliandikiwa i386 (prosesa za Intel za biti 32), ndiyo maana una 4 * ORIG_EAX. Kwenye mashine ya biti 64 jina hilo halipo, ukaweka ORIG_RAX, ila ile 4 ukaiacha. ORIG_RAX ni 15, mara 4 ni 60. Kerneli ya x86-64 (ndiyo hiyo ya biti 64) inasoma baiti 8 kwa mkupuo, na 60 haigawanyiki kwa 8, basi inakukatalia. Andika 8 * ORIG_RAX.

Kilichonipoteza mimi ni errno, kigeu kinachoshika namba ya kosa. Ilinipa EIO, yaani hitilafu ya kuingiza na kutoa data, nikakesha nakagua diski. Diski ilikuwa nzima kabisa! Halafu weka errno = 0 kabla ya kila usomaji, maana -1 inaweza kuwa thamani halali iliyokaa kwenye kumbukumbu.

Lile jedwali la namba za miito ya mfumo ulilonakili nalo litupe. Kwenye i386 write ni 4; kwenye x86-64 write ni 1, na 4 ni stat. Usipoangalia utaona programu "inaandika" mahali ambapo inauliza tu habari za faili. Inaniuma sana kuona wanafunzi wanapewa miongozo hii bila mwaka wala aina ya prosesa kutajwa popote.

Ukifika kwenye PTRACE_ATTACH (kujiunga na programu ambayo tayari inaendeshwa) ukapata EPERM, yaani huna ruhusa, soma /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope. Kwenye Ubuntu kwa kawaida ni 1: bila kuwa root unaruhusiwa kufuatilia michakato uliyoizaa mwenyewe tu. Usikimbilie kuweka 0 kwenye seva ya watu. Anzisha programu lengwa kutoka ndani ya programu yako.

Kama prosesa yako ni ARM64, PTRACE_GETREGS ya kusoma rejista zote haipo, tumia PTRACE_GETREGSET. Na kuanzia kerneli 5.3 ya mwaka 2019 kuna PTRACE_GET_SYSCALL_INFO, inakuletea namba ya mwito na hoja zake bila kuhangaika na rejista za kila prosesa. Mimi siku hizi naanzia hapo.

Tuwekee hapa majibu ya uname -r na uname -m tuone unatumia nini.