Maswali na Majibu: Barabara Inayomfanya Dereva Apunguze Mwendo

Mtaa wetu una kibao cha kilomita 30 kwa saa, lakini madereva hawakijali. Je, tuombe vibao zaidi?

Vibao zaidi havitasaidia sana iwapo barabara yenyewe ni pana na imenyooka, kwa kuwa dereva hupima mwendo kwa kile anachokiona mbele yake kabla ya kutazama namba iliyoandikwa pembeni. Ombeni kwanza njia za magari zipunguzwe upana: njia ya mita 3 humtaka dereva awe makini, ilhali ile ya mita 3.6, ambayo ni kipimo cha barabara kuu, humwalika akanyage mafuta. Nafasi itakayobaki wapewe waenda kwa miguu, au ipandwe miti. Kona za makutano nazo zifanywe kali, ili asiwepo anayeweza kukunja bila kupunguza mwendo.

Kilomita 30 na 50 zina tofauti gani ya maana?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika sekunde moja anayoitumia dereva kushtuka na kufikia breki, gari la kilomita 50 huwa limekwenda takribani mita 14. Kwa umbali huohuo, kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 huwa limekwishasimama. Isitoshe, nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne.

Je, matuta hayatoshi?

Tuta moja hudhibiti mwendo pale lilipo tu, kwani dereva akishalivuka huongeza kasi kufidia muda aliopoteza; ndiyo maana matuta hupangwa kwa mfululizo. Yale mafupi yenye mgongo mkali, yasiyopakwa rangi, ambayo wakazi huyajenga wenyewe kwa hasira baada ya ajali, siyaungi mkono hata kidogo, kwa sababu usiku huwa hatari kwa pikipiki. Ningechagua kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu: kinafanya kazi ya tuta, na anayevuka anaonekana vizuri zaidi.

Magari ya wagonjwa yatapitaje?

Yapo matuta yaliyogawanywa vipande, yenye mapengo kati yake. Gari pana la wagonjwa hupitisha magurudumu pande zote mbili za kipande, ilhali gari dogo hulazimika kukipanda.

Kuna nchi iliyoanza zamani?

Uholanzi. Mitaa ya mji wa Delft ilianza kubadilishwa ili magari yapunguze mwendo mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1976 sheria ikaitambua rasmi mitaa ya aina hiyo.