Barua kwa mwanangu: mizani tisa

Mwanangu Zuhura,

Mama yako hajambo, mguu umepoa. Swali lako nimelisoma mara mbili: ujiunge na chama cha washairi cha taifa, au ni kupoteza ada tu, kwa kuwa huandiki kwa vina na umeambiwa wazee wa huko wataziita tungo zako insha zilizokatwakatwa?

Jiunge. Ila usiende kichwakichwa.

Mimi UKUTA niliijua kabla sijajua kuwa ni chama. Shule ya msingi tulipangwa safu mbili uwanjani, huku wakulima, kule makabaila, tukajibizana ngonjera. Nikidhani ni ukuta wa matofali! Kumbe ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifikishe kwa wananchi, na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, akaona shairi la kujibizana ndilo litakalofaa jukwaani. Alifariki 1969. Vitabu vya ngonjera zake vikatoka 1970 na 1971, tukavikariri watoto ambao hatukuwahi kumwona. Bila chama, nani angeyafikisha mashairi mpaka kijijini kwetu? Lakini katika zote nilizokariri, hakuna hata moja iliyouliza kama mambo yanakwenda sawa. Hapo ndipo pa kuchunga.

Ukubwani nilihudhuria kikao cha washairi, nimevaa shati la sikukuu. Nikaanza: “Nimekuja mbele yenu, kusema niliyoyaona.” Mzee mmoja akainua mkono, kanzu imechakaa kwenye kola, akahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. “Ukwapi nane, sawa. Utao tisa. Guni hilo, kijana.” Yaani nusu ya kwanza ya mstari ina mizani nane, nusu ya pili tisa, na shairi lenye kasoro ya mizani ndilo huitwa guni. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mapumziko yalipofika akanifuata na kikombe cha chai: “Sema niliyoona. Hiyo ‘ya’ inakula nini pale?” Mpaka leo sijapata mhariri wa kumfikia, na hakunitoza senti.

Hicho ndicho unachokikosa, mwanangu. Marafiki zako wanakusifu, na sifa hazihesabu mizani.

Kuhusu vina: ugomvi huo una umri kunizidi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake isiyofuata vina wala mizani, pakachimbika. Leo wote wawili wanasomwa vyuoni. Kwa hiyo wakikuita mwandishi wa insha, kaa, sikiliza, kisha soma lako. Ila jifunze kutunga tarbia, lile shairi la mistari minne kila ubeti, hata kama hutaichapisha. Nataka vina uviache ukiwa unaviweza.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. Je, vikaoni vijana hupewa zamu ya kusoma, au hupanga viti tu? Na mshairi akiletewa mkataba wa kitabu, au utenzi wake ukiimbwa na mtu bila ruhusa, kuna anayemsaidia kuusoma huo mkataba au kudai haki yake? Wakianza kukueleza habari za sare na bendera ya chama, rudi nyumbani ufikiri upya.

Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa mimi. Nawe nitumie lile shairi la kivuko ulilonisomea Idi. Nitalihesabu kwa vidole, usikasirike, ni mazoea tu.

Baba yako